Ubao wa Mapajani kutoka Rodi Kopany

Jumatatu, 13 Oktoba 1997
Mkono wangu wa kulia umegoma. Nikishika kalamu, maandishi yanatoka kama nyayo za kuku. Kwa hiyo ninaandika kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta ya kubebeka aliyonitumia Caren, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ni daktari wa watoto Uingereza. Ametuma na ujumbe: niandike historia ya maisha yangu, isomwe tarehe 20 Desemba atakapokuwa amekuja nyumbani, siku ambayo familia itanifanyia misa ya shukrani. Kila anayepita hapa ananiambia, andika, Shangazi, andika mambo mazuri.

Nitaandika. Hawajui nitaandika nini.

Daktari wa hapa Homa Bay anasema moyo wangu umechoka, nisijiwekee mipango ya mbali. Nilimuuliza alikuwa wa ngapi katika hesabu darasani kwao. Alicheka. Sikuwa natania.

Jumanne, 14 Oktoba
Mvua. Miguu imevimba. Nimeandika jina langu, Marcella, na mwaka wa kuzaliwa, nikachoka.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mezani siwezi kukaa, kwa sababu miguu lazima iinuliwe juu ya kigoda. Kompyuta inakaa mapajani. Baada ya nusu saa inakuwa kama pasi ya makaa. Liz, mke wa mpwa wangu Jeremiah, aliweka mto chini yake. Mashine ikakoroma, ikazimika, na kurasa mbili zikaenda nayo. Akaleta sinia la bati. Sinia lilishika moto kuliko mashine yenyewe. Tukajaribu atlasi yangu ya zamani, ikateleza, na bara zima la Afrika likaanguka sakafuni.

Jeremiah ni ndugu yake Caren. Ni katekista, anafanya kazi ofisi ya maji, na nimeishi bomani kwake tangu nilipostaafu. Alisema nisijisumbue, nimsimulie yeye kisha aandike. Hilo ndilo nisilolitaka.

Jumapili, 19 Oktoba
Mapaja yamebabuka, yana alama nyekundu kama nyavu. Liz amenipaka mafuta. Nimeandika hata hivyo.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimemwambia Liz aniitie seremala. Akataja watatu wa mjini. Nikasema namtaka Nyatichi wa Rodi Kopany.

Liz aliacha kukunja nguo. "Shangazi, yule anatengeneza majeneza."

Nikamjibu kwamba mtu anayeunda sanduku lisilofunguka njiani hadi kaburini anajua kuunganisha mbao. Akarudi kukunja nguo. Lakini hiyo ni sababu niliyoitunga. Sababu ya kweli ni kwamba kwa miaka thelathini na moja nimetafuta jinsi ya kuketi chumba kimoja na Nyatichi, na kila nilipoipata nikaikimbia. Sasa siwezi kukimbia. Hata chooni nashikwa mkono.

Jumanne, 28 Oktoba
Amekuja. Futi ya utepe shingoni, penseli nene nyuma ya sikio. Aliachiwa karakana na marehemu mumewe, na wanaume wa Rodi waliosema itafungwa ndani ya mwezi mmoja sasa wanamletea misiba yao. Aliniamkia kwa mikono miwili, "Shikamoo, Mwalimu," maana nilimfundisha katika shule ya Uriri kuanzia darasa la nne hadi la saba. Yeye ni Mkisii, mimi Mjaluo, na lugha yetu imekuwa Kiswahili tangu akiwa na meno ya utoto. Ndiyo maana shajara hii naiandika kwa Kiswahili.

Hakuanza na mimi. Alianza na mashine. Aliigeuza, akaipapasa chini kote, akaweka kiganja kwenye matundu ya pembeni, akatikisa kichwa.

"Inapumulia tumboni," alisema. "Nyinyi mmekuwa mkiiziba pua."

Kisha akapima upana wa mapaja yangu, urefu kutoka tumboni hadi magotini, na kimo cha mikono ya kiti. Hakuandika chochote. Alifumba jicho moja, akagawanya, akatoa, akasema ubao utakuwa wa msaipresi, wenye papi mbili, fito nyembamba za mbao, juu za kuinua mashine ili hewa ipite, ukingo wa kuizuia isiteleze, na chini yake mto mwembamba wa mafunjo makavu. Nilimtazama anavyokokotoa, nikainamisha macho kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani.

Alipokuwa akinipima, majirani watatu walisimama langoni. Sikuwajali.

Alhamisi, 30 Oktoba
Afadhali ningewajali. Asubuhi nilikuwa barazani nikinywa uji, nikasikia kilio kinapanda kutoka barabarani. Ni binamu yangu Susana, amesafiri kutoka Uriri kwenye mvua, kilemba kimemlegea, kuku mkononi, ananiita "dada yangu uliyeniacha peke yangu". Habari iliyomfikia ni kwamba mtengeneza majeneza amekuja kunipima. Alipofika kwenye ngazi akaniona, alikatisha kilio katikati, akakasirika.

"Kwa hivyo hujafa."

"Bado, Susana. Keti, kuna uji."

Aliketi, lakini hakunisamehe mpaka tukamchinja yule kuku.

Mchana wakaja wazee wawili wa ukoo. Mimi sikuolewa, na kwetu mwanamke ambaye hakuolewa hazikwi ndani ya boma. Anawekwa nje ya ua. Walizunguka na Jeremiah wakinong'ona, wakinyoosha bakora hapa na pale, hadi wakasimama nyuma kwenye kona. Nikapaza sauti kutoka barazani kwamba nje ya ua nimekubali, ila si karibu na choo. Walijifanya wanakagua mihogo.

Jumanne, 4 Novemba
Ubao umefika. Ni mwepesi, umelainishwa hadi unateleza kama sahani, na upande wa tumboni ameukata kwa mviringo ili unikumbatie. Mashine inakaa juu ya zile papi mbili na upepo unapita chini yake. Nimeandika saa mbili mfululizo na mapaja yangu yamepoa. Unanukia jeneza jipya. Naupenda.

Nilimuuliza alijuaje kuinua upande wa nyuma kiasi hiki, maana maandishi ya kioo yananitazama sawasawa machoni. Alifunga futi yake.

"Mimi ni mjinga wa shule, Mwalimu, lakini mbao hazinishindi."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kabila lake.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua tangu Ijumaa. Redio inaiita El Nino. Barabara ya Rongo imekatika.

Jumamosi, 15 Novemba
Leo naandika lile jambo.

Desemba 1965 nilikuwa mwalimu mkuu kule Uriri, mwanamke wa kwanza kukikalia kile kiti, na wapo waliotaka nianguke. Wasichana wawili walifanya mtihani wa darasa la saba: Nyatichi, binti wa mfyatua matofali, na Caren, binti wa kaka yangu. Nyatichi aliwashinda wote, wasichana na wavulana. Caren alikuwa wa tano. Januari barua ikaja kwa sanduku la posta la shule, na ufunguo wa sanduku lile ulikuwa kwangu. Shule ya sekondari ya wasichana ilimwita Nyatichi. Ilikuwa nafasi moja tu.

Kaka yangu alikuwa ameuza maksai wake wa kulimia ili mimi nisomee ualimu. Nyumba yake ililima kwa jembe la mkono miaka minne kwa ajili yangu. Jioni ile alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakuingia. Hakuniomba. Alisema tu kwamba Caren ni mtoto wangu pia. Na mimi nilijiambia mengi: kwamba mfyatua matofali hataweza kununua sare, kwamba Nyatichi ana akili hivyo atafaulu tena akirudia darasa, kwamba Mungu ana njia zake. Nilikuwa kijana, nilikuwa na deni la shukrani, nilikuwa nimechoka kuitwa mtu asiyeisaidia familia yake.

Nikaandika kwa ile sekondari kwamba msichana Nyatichi ameolewa na hatakuja, nikampendekeza Caren. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hizo. Kisha nikamwita baba yake Nyatichi ofisini, nikamwambia binti yake ameanguka mtihani. Alivua kofia, akanishukuru kwa kuwa nilijitahidi naye.

Nilitarajia atamrudisha darasani. Hakuona haja ya kumrudisha mtoto aliyeanguka. Kabla ya Pasaka alimwoza kwa seremala wa Rodi Kopany. Ule uongo niliouandika Januari ulikuwa kweli mwezi Aprili. Nilipouona mkokoteni ukipita na vitu vyake mbele ya shule, nilikuwa ubaoni nikifundisha hesabu za sehemu. Sikugeuka.

Mashine hii aliinunua Caren kwa mshahara wa udaktari. Ubao huu aliuunda Nyatichi. Vyote viwili viko mapajani mwangu.

Alhamisi, 20 Novemba
Padre alikuja kunipaka mafuta matakatifu. Niliungama. Akaniondolea dhambi, akanishauri nimwachie Mungu jambo lile, nisiamshe yaliyolala. Nilimwambia si Mungu niliyemnyima shule. Alikunywa chai yake yote kabla ya kuaga.

Jumatatu, 24 Novemba
Nilipelekwa kliniki. Niliporudi, Jeremiah alikuwa kwenye kiti changu, kompyuta mbele yake. Amesoma kila kitu.

Hakufoka, ni mtu mwema, na hilo ndilo linalomfanya awe mgumu. Alisema kosa ni langu na la baba yake, Caren alikuwa mtoto tu. Ameokoa watoto wangapi? Nitamwaibisha mbele ya kijiji kizima, kwa faida ya nani? Nyatichi ana karakana, ana watoto, hana habari na ana amani yake.

"Amani gani?" nikamuuliza. "Wewe ungeifurahia, Jeremiah?"

Aliinuka kitini. Aliondoka na chaja, akisema ni kwa ajili ya usalama, radi zimezidi.

Jumatano, 26 Novemba
Betri ilikufa jana. Leo Liz aliniwekea ubao mapajani kama kila asubuhi, akaenda jikoni. Nilipopapasa katikati ya zile papi mbili, pale hewa inapopita, chaja ilikuwa pale. Nikaichomeka ukutani. Radi imepiga mchana kutwa na mimi nimeandika mchana kutwa.

Jumamosi, 29 Novemba
Nyatichi alikuja kutazama kama mto wa mafunjo umeshika unyevu. Nilimwomba afunge mlango. Nilitaka kumpa asome, lakini kisha niliona huo nao ni uoga, kujificha nyuma ya kioo. Nikamwambia kwa mdomo.

Alisikiliza akiwa amesimama, penseli mkononi. Nilipomaliza, alirudia sehemu moja tu.

"Nilikuwa wa kwanza?"

"Ulikuwa wa kwanza. Wa pili hakukukaribia."

Alikaa kwenye kigoda cha miguu yangu. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata nikadhani amesema kitu nami sikusikia. Kisha akaanza kusema, polepole.

"Shule naweza kuiacha, Mwalimu. Wengi hawakwenda. Lakini mume wangu aliponipiga aliniita mjinga, na mimi nilikubali. Watoto wakileta hesabu za shule nilikuwa naona jibu, linaniita kabisa, na siwaambii. Nasema, mimi nitajuaje, mimi nilianguka. Miaka yote hiyo. Kwa sababu Mwalimu alikuwa amesema."

Nilianza kusema naomba msamaha. Aliinua mkono kunizuia, mkono wenye vumbi la mbao kwenye mistari yote. Akaitoa kompyuta juu ya ubao, akaiweka kitandani taratibu, akauchukua ubao wake, akaubana kwapani, akaenda.

Jumanne, 2 Desemba
Ninaandika mashine ikiwa mapajani tupu. Inachoma. Liz ameleta taulo. Nimeikataa.

Ijumaa, 5 Desemba
Inachoma. Nimeandika kurasa nne za kujieleza.

Jumanne, 9 Desemba
Jeremiah amegundua chaja imerudi. Alimtazama mkewe, mkewe akaendelea kuchambua dagaa wa omena. Akaja kwangu, akasema siku ya misa atasoma yeye historia yangu, ameshaiandaa. Inaanza kwa "Mama wa elimu". Nimemwambia siku ya kuzikwa kwangu asome atakacho. Tarehe ishirini nitasoma mwenyewe.

Jumamosi, 13 Desemba
Amerudi. Viatu vimejaa matope. Alitembea pale barabara ilipokatika. Ubao kwapani. Nilidhani ameuleta kwangu. Alivuta kiti, akaketi mkabala nami, akauweka ubao juu ya mapaja yake mwenyewe, akanyoosha mikono apewe mashine.

Alisoma historia yote, pamoja na zile kurasa nne. Midomo ilikuwa ikitembea. Kisha akauliza, "Kitufe kipi kinafuta?"

Nilimwonyesha.

Akaanza na maksai wa kaka yangu. Tak, tak, tak, wakaenda. Akafuta sare, akafuta ujana wangu, akafuta njia za Mungu. Kila alipofuta alisoma tena kutoka juu, kama anavyopiga randa kisha kupitisha kiganja. Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba yale ya kaka yangu ni kweli.

"Ni kweli," alisema. "Lakini ni yako. Haya mengine ni yangu."

Ilibaki mistari minne. Hii hapa:

Desemba 1965 Nyatichi alikuwa wa kwanza katika mtihani wa darasa la saba.
Niliificha barua yake ya kuitwa sekondari.
Niliandika kwamba ameolewa, nikampa Caren nafasi yake.
Nilimwambia baba yake kwamba ameanguka, na huo ulikuwa uongo.

"Hiyo ndiyo utasoma," alisema. Akaacha ubao.

Shajara hii iko faili jingine, sikumwonyesha ilipo. Hapa maksai bado wapo. Lakini naona sasa jinsi wanavyochukua nafasi.

Alhamisi, 18 Desemba
Caren amefika. Amenenepa kidogo, ana mvi. Alinipima mapigo ya moyo kabla hajaketi. Kisha akauona ubao, akaupapasa, akasema fundi huyu ana akili sana. Nikamwambia aketi, nikamwambia jina la fundi, na nikamwambia yote. Sikutaka asikie mara ya kwanza mbele ya watu.

Alikumbuka. Alisema mwezi wote wa kwanza wasichana wa bweni walimuuliza, yule Nyatichi wa orodha yuko wapi, naye aliwajibu kwamba ameolewa. Alikuwa ameambiwa hivyo na mimi. Alitoka nje akasimama uani kwenye mvua. Jeremiah alimfuata na mwavuli. Aliukataa.

Jumamosi, 20 Desemba
Watu walijaa hadi chini ya maturubai. Baada ya misa Jeremiah alisimama na karatasi zake. Nikamwomba Liz anisogezee ubao. Nyatichi alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wapishi.

Nilisoma mistari minne. Sauti yangu ni ndogo sasa, nadhani safu tatu za mbele ndizo zilizosikia. Jeremiah alianzisha wimbo. Ni wimbo mzuri, una beti sita, na watu wanaupenda. Nilingoja. Nilingoja beti zote sita, kidole kikiwa kwenye mstari wa kwanza, mashine ikipumua chini ya mikono yangu. Wimbo ulipoisha nikasoma tena kutoka mwanzo, na safari hii Caren alisimama kando yangu, akarudia kila mstari kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa. Hata wapishi walisikia. Jeremiah hakuanzisha wimbo mwingine.

Susana alisema kwa sauti kwamba heri angenikuta nimekufa ile Oktoba. Baadhi ya watu waliondoka bila kula. Caren alikwenda nyuma, akaketi kwenye benchi la wapishi, nafasi ya mtu mmoja ikiwa katikati yake na Nyatichi. Sikusikia kama walizungumza. Niliona Nyatichi akisogeza sahani.

Jumatatu, 22 Desemba
Nyatichi amekuja. Nilimwambia kwamba nikifa nataka jeneza langu litoke karakana yake, basi achukue vipimo.

"Ninavyo," alisema. "Nilikupima siku ile ile. Futi kwenye mapaja, macho kwingine kote. Kazi ni kazi, Mwalimu."

Kwa hiyo majirani hawakukosea. Nilicheka hadi nikakosa pumzi, na yeye akaninywesha maji. Kisha akatoa kwenye mfuko daftari jipya la miraba na penseli, si ile nene ya mbao. Nyembamba, ya shule.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Nimekuja kusoma. Hesabu za kidato cha kwanza, zile ambazo wangenifundisha. Utaanza lini?"

Nikatazama miguu yangu, uvimbe umefika magotini. Nikamwambia kesho, saa mbili asubuhi, na asichelewe. Caren ananisihi nilazwe hospitali. Nimemjibu kwamba muhula umefunguliwa na sina nafasi.

Jumanne, 23 Desemba
Amefika saa mbili kasorobo. Nilikuwa nimeshakaa, ubao mapajani.